UZI: Swali la pili, au jinsi serikali zetu zilivyojifunza kuzungumza na wanahabari

1/
Kila kukitokea kizaazaa cha siasa hapa mtandaoni, mjadala huishia palepale. Hawa wanasema "githeri media" imenunuliwa. Wale wanasema msemaji wa serikali ni mwongo wa kulipwa. Wengine wanasema waandishi wanatafuta tu kiki. Mimi nasoma sayansi ya siasa, nyumbani ni Matungu, Kakamega, na nimeona tukirushiana haya maneno miaka nenda miaka rudi bila kuuliza mchezo wenyewe ulianza wapi. Huu uzi ni historia yake. Sitataja mwanasiasa wala chama, kwa sababu kila utawala uliopita Ikulu umeucheza.

2/
Hoja yangu ni moja. Ukitaka kujua serikali inawachukuliaje wanahabari, usiangalie swali la kwanza. Angalia la pili.

Mwandishi anauliza: "Barabara itaisha lini?" Msemaji anajibu: "Serikali imejitolea kuhakikisha wananchi wanapata barabara bora." Hilo si jibu, ila linasikika kama jibu. Swali la pili ndilo hili: "Sawa, lakini lini? Mwezi gani?" Hapo msemaji anabaki na njia mbili, aseme ukweli au aonekane waziwazi akikwepa. Ndiyo maana kazi kubwa ya ofisi za habari za serikali, tangu enzi za mkoloni hadi leo, imekuwa kuhakikisha hilo swali la pili halifiki.

3/
Tuanze na baraza. Matungu iko katika nchi ya Wanga. Waingereza walimtambua Nabongo Mumia kuwa chifu mkuu mwaka 1909, na kwa miaka mingi amri za serikali ziliwafikia watu wa huku kupitia kwake na machifu waliokuwa chini yake. Ujumbe ulitoka kwa mzungu bomani, ukaja kwa chifu, chifu akaita watu, watu wakakaa chini wakasikiliza. Kodi ni kiasi fulani. Kazi ya barabara ni siku fulani. Tawanyikeni.

Yaani serikali ilikuwa na njia ya kusema na watu kabla watu hawajakuwa na njia ya kuiuliza chochote. Mengine yote kwenye uzi huu yanatoka hapo.

4/
Vita Kuu ya Pili vilipoanza mwaka 1939, serikali ya kikoloni ilihitaji wanajeshi, chakula na utulivu. Mwaka huohuo ikaanzisha Ofisi ya Habari ya Kenya, na gazeti la Kiswahili la Baraza likaanza kuchapishwa na kampuni ya East African Standard ili habari za vita ziwafikie Waafrika. Tazama hata jina walilochagua: Baraza.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, somo likawa wazi zaidi. Magazeti mengi ya Waafrika yakapigwa marufuku, huku magari ya sinema ya serikali yakizunguka vijijini na filamu zake. Mdomo mmoja uliongezewa sauti, mingine ikazibwa.

5/
Uhuru ukaja. Ungetarajia mitambo ya mkoloni itupwe. Haikutupwa, ilibadilishiwa mwenyewe.

Shirika la Habari la Kenya, KNA, lilianzishwa 1963 na kuweka maafisa wa habari wilayani kote. Mwaka 1964 utangazaji ukawekwa chini ya wizara moja kwa moja na kuitwa Sauti ya Kenya. Sababu walizotoa si za kupuuzwa: nchi changa, makabila mengi, watu wengi hawakuwa wamesoma, na redio pekee ndiyo iliyofika kila mahali. Wapo watu waliojua habari za chanjo, mbegu na shule kupitia redio hiyo.

Lakini mtangazaji alikuwa mwajiriwa wa serikali. Mwandishi wa KNA pia. Mtu haulizi mwajiri wake swali la pili hewani.

6/
Ndiyo asili ya ile taarifa ya habari ambayo wazee wetu wanaweza kuikariri usingizini. Inaanza na Mtukufu Rais: amefungua nini, amehutubia wapi, ameonya nani. Kama rais alienda kanisani, hiyo ndiyo habari kuu ya nchi.

Ikulu nayo ilikuwa na kikosi chake cha wanahabari, kilichojulikana kama PPU enzi za Nyayo na PPS baadaye. Kazi yao ilikuwa kufuatana na rais, kupiga picha, kuandika, na kuzipa redio na magazeti habari iliyokwisha pikwa. Mhariri aliyepokea habari hiyo alijua ilivyoandikwa ndivyo inavyotakiwa itoke. Hapa hata swali la kwanza halikuwepo. Lilikuwepo jibu tu.

7/
Nguvu ya mpango huu ilionekana tarehe 1 Agosti 1982. Wanajeshi wa anga waliojaribu kupindua serikali walikimbilia kituo cha Sauti ya Kenya. Walimshurutisha mtangazaji maarufu, Leonard Mambo Mbotela, kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Saa chache baadaye wanajeshi watiifu wakakitwaa kituo, na redio ileile ikatangaza kwamba serikali ingali imara.

Fikiria wewe ni msikilizaji kijijini asubuhi hiyo. Hukuwa na kituo kingine cha humu nchini cha kulinganisha. Aliyeshika maikrofoni ndiye aliyekuwa serikali. Ukizoesha watu kusikiliza mdomo mmoja, yeyote atakayeuteka huo mdomo ameteka nchi, hata kama ni kwa saa chache.

8/
Waliojaribu kuuliza walilipa. Mwaka 1988 jarida la Beyond, la Baraza la Kitaifa la Makanisa, liliandika kuhusu wizi wa kura katika uchaguzi wa mlolongo. Likapigwa marufuku, na mhariri wake akafikishwa kortini. Kosa? Kutowasilisha ripoti za mauzo ya jarida. Hakushtakiwa kwa alichoandika. Alishtakiwa kwa makaratasi.

Mwaka 1989 Bunge liliizuia Daily Nation kuripoti vikao vyake kwa miezi minne. Mnaoshangaa leo wanahabari wakifungiwa nje ya kikao fulani, kumbe huo mlango ulifungwa zamani na bawaba zake bado zipo.

9/
Miaka ya tisini ikaleta ushindani. KTN ilianza 1990 kama runinga ya kwanza ya binafsi. Mwishoni mwa 1991 vyama vingi vikarudi. Capital FM ikaingia hewani 1996, na kufikia mwaka 2000 Kameme FM ilikuwa inatangaza kwa Kikuyu. Baadaye hata sisi wa Magharibi tukapata vituo vya Kiluhya, kina mama wakisikiliza siasa kwa lugha ya nyumbani wakiwa jikoni.

Sasa serikali ikawa na shida mpya. Haikuweza tena kuwa mdomo pekee. Ilibidi ijifunze kuzungumza na watu wasioajiriwa nayo.

10/
Hii shida haikuwa yetu peke yetu. Ikulu ya Marekani ilipata katibu wa habari wa kwanza mwaka 1929. Lakini waandishi wa huko walikuwa wameungana tangu 1914, baada ya uvumi kwamba kamati ya Bunge ndiyo itakayochagua nani aruhusiwe kwenye vikao vya rais na wanahabari. Walijua mapema kwamba anayechagua waulizaji amekwisha chagua maswali. Na Februari 2025, zaidi ya miaka mia moja baadaye, Ikulu hiyohiyo ilitangaza kwamba itachagua yenyewe kikundi cha waandishi wanaomfuata rais kwa karibu. Ugomvi ni uleule.

Majirani zetu Tanzania walichukua njia yao: kuna Msemaji Mkuu wa Serikali na Idara ya Habari, Maelezo, na sheria ya 2016 iliunda bodi ya kuwapa wanahabari ithibati. Huku kwetu vitambulisho vya wanahabari hutolewa na Baraza la Vyombo vya Habari, chini ya sheria ya 2013.

11/
Kenya iliunda ofisi ya Msemaji wa Serikali mwaka 2004. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu mmoja, mwenye jina na sura, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya kamera kila wiki na kujibu. Mnakumbuka kampeni ya "Najivunia Kuwa Mkenya"? Ilitoka katika ofisi hiyo.

Tuwe wakweli, hiyo ilikuwa hatua. Kutoka kwenye taarifa isiyojibika hadi mtu unayeweza kumnyooshea mkono ni safari. Lakini ofisi ilizaliwa na mkanganyiko ambao haujaisha mpaka leo. Msemaji hulipwa na mlipa kodi na huteuliwa na serikali iliyo madarakani. Akiulizwa jambo linalomfaidi mwananchi na kumwaibisha aliyemteua, amjibie nani? Jina la cheo linasema serikali. Barua ya uteuzi inajua ni nani aliyeitia sahihi.

12/
Na miaka miwili tu baadaye tuliona kwamba nyuma ya maikrofoni rungu lilikuwa bado lipo. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 2006, polisi waliofunika nyuso walivamia Standard, wakachoma nakala za magazeti na kuizima KTN. Waziri wa usalama wa ndani alipoulizwa, alisema ukimchokoza nyoka uwe tayari kuumwa.

Serikali ileile iliyokuwa na msemaji wa kila wiki. Kwa hiyo mtu akikwambia "lakini wana ofisi ya mawasiliano", mwambie ofisi peke yake haithibitishi chochote.

13/
Kisha Desemba 30, 2007. Matokeo ya urais yalitangazwa mbele ya kamera za KBC pekee, baada ya vyombo vingine kuondolewa. Rais akaapishwa jioni hiyohiyo. Ikafuata amri ya kusitisha matangazo ya moja kwa moja, iliyodumu hadi mwezi wa pili.

Kulikuwa na hoja ya kweli: nchi ilikuwa inawaka, na baadhi ya redio za lugha za mama zilikuwa zimepeperusha chuki. Lakini wakati watu walihitaji kuuliza "hizi hesabu zimetoka wapi?", chumba kilikuwa na kituo kimoja, na kituo hicho ni cha serikali. Walionyimwa jibu wakaanza kulitafuta kwa njia nyingine. Wengine walilitafuta kwa panga.

14/
Katiba ya 2010 ilibadilisha sheria za mchezo: kifungu cha 34 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari, cha 35 kinampa mwananchi haki ya kupata habari. Mbinu nazo zikabadilika zikawa laini.

Julai 2013 wahariri na waandishi walialikwa Ikulu kwa kiamshakinywa. Kikosi cha zamani kikapewa jina jipya, PSCU, chenye vijana wanaojua mitandao. Picha zilipendeza. Kabla mwaka haujaisha, Bunge likapitisha sheria iliyoruhusu faini ya hadi shilingi milioni 20 kwa chombo cha habari. Chai ni nzuri, lakini mgeni aliyekunywa chai yako huona haya kukuuliza deni.

15/
Kati ya ile chai na ile sheria kulikuwa na Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia jengo hilo, na watu 67 wakauawa. Kwa siku nne tulipata habari kutoka kwa wizara, polisi, jeshi, na akaunti za Twitter za maafisa mbalimbali, kila mmoja na lake. Tuliambiwa hali imedhibitiwa, kisha risasi zikaendelea. Tuliambiwa wavamizi ni 10 hadi 15, baadaye wakatajwa wanne. Waziri alisema ule moshi mkubwa ni magodoro yaliyochomwa. Kamera za jengo zilipoonyesha wanajeshi wamebeba mifuko, tukaambiwa walichukua maji.

Magodoro na maji yamekuwa vichekesho. Ila nyuma ya vichekesho kuna jamaa waliokuwa wakitafuta watu wao, na kila taarifa mpya iliwapeleka mahali papya.

16/
Mfano mzito zaidi ni El Adde. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya wanajeshi wetu nchini Somalia ilishambuliwa. Ni wangapi waliokufa? Serikali haikutoa hesabu rasmi. CNN iliripoti baadaye kwamba ni angalau 141.

Elewa vizuri. Kuficha idadi siku ya kwanza, vita vikiendelea, ni jambo linaloweza kutetewa. Hata mimi ningelitetea darasani. Lakini baada ya mwezi? Baada ya miaka? Kimya kikuu kina mshindo mkuu. Maelfu ya watu walizika, wakalea mayatima, na taifa halikuambiwa hata namba ya kuombolezea. Hapo swali la pili halikukosa jibu tu. Lilifanywa lionekane kama usaliti.

17/
Sasa tuwageukie wanahabari, maana si wote wanaonyimwa swali la pili. Wengine hulimeza wenyewe.

Serikali ni mmoja wa watangazaji wakubwa wa biashara nchini. Tangu 2015 matangazo yake yamepitia wakala mmoja, na likaja jarida la MyGov ndani ya magazeti. Vyombo vya habari vimelalamika mara nyingi kwamba serikali haiwalipi madeni ya matangazo. Machi 2024 likatoka agizo kwamba matangazo ya serikali yaende KBC.

Weka hayo pamoja. Mhariri anadai serikali pesa za mishahara, na mwandishi wake yuko kwenye kikao ameinua mkono kwa swali kali. Hakuna haja ya mtu kumpigia simu ya vitisho. Hesabu anaijua.

18/
Pale pesa zisipotosha, swichi ipo. Januari 30, 2018, runinga za Citizen, NTV na KTN zilizimwa kwa sababu ya kupeperusha kuapishwa kwa kiongozi wa upinzani bustanini Uhuru. Mahakama iliamuru zirudishwe. Bado zilikaa gizani kwa siku kadhaa.

Juni 25, 2025, wakati wa maandamano, mamlaka ya mawasiliano iliagiza matangazo ya moja kwa moja yakome na mawimbi ya vituo kadhaa yakakatwa. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo siku hiyohiyo. Tazama tofauti ya miaka hiyo miwili: korti iliheshimiwa haraka zaidi, na watazamaji walikuwa wamekwisha hamia YouTube na TikTok.

19/
Na hapo ndipo wengi wetu tunajidanganya kwamba mtandao umemaliza kazi. Kweli, Julai 5, 2024, rais aliingia kwenye X Space na vijana wakamuuliza waziwazi kuhusu waliouawa. Babu zetu wasingeamini.

Lakini siku chache kabla, Juni 30, aliketi Ikulu na wanahabari watatu wa runinga, na maswali yao yalirudi palepale mpaka jibu likatoka. Serikali ilitaja vifo 19. Siku iliyofuata Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikataja 39. Tofauti hiyo ilionekana kwa sababu namba ya kwanza ilikuwa imesemwa hadharani, ikarekodiwa, ikawa na mwenyewe.

Kwenye X Space anayeshika maikrofoni ni mmoja kati ya maelfu, anauliza mara moja, anazimwa, anakuja mwingine. Pia msemaji anaweza kuweka video yake ya dakika mbili, yenye muziki, bila mwandishi yeyote chumbani. Tunaisambaza wenyewe, hata tukiwa tunaitukana. Hilo ni lile gari la sinema, ila safari hii mafuta tunaweka sisi.

20/
Tushuke mashinani, maana siasa si Nairobi tu. Tangu 2013 kila kaunti kati ya 47 ina gavana, na gavana ana watu wake wa mawasiliano. Wanapiga picha, wanaandika habari, wanaitupa kwenye kundi la WhatsApp la waandishi. Mwandishi wa mashinani mara nyingi hulipwa kwa idadi ya habari zinazotoka, na nauli ni yake. Ukimpa habari tayari yenye picha safi, umemwokoa boda ya kwenda na kurudi. Umemwokoa pia na nafasi ya kuona kama zahanati iliyofunguliwa ina dawa.

Na baraza bado lipo. Nimekaa kwenye mabaraza kule kwetu, na muundo ni uleule. Wageni wanatambulishwa, kila mmoja "asalimie watu kidogo", hotuba zinaenda mpaka saa tisa. Maswali yanawekwa mwisho. Na nyinyi mnajua mvua ya Magharibi, saa tisa haikosi. Mzee anainuka kuuliza kuhusu miwa, wingu linanguruma, mshereheshaji anasema tufunge kwa maombi.

21/
Miwa nimeitaja kwa sababu. Mumias Sugar ilianza kusaga 1973 na ikalea ukanda wetu wote. Mwaka 2019 iliwekwa chini ya mrasimu wa benki, na mwisho wa 2021 ikakodishwa kwa mwekezaji. Katikati ya hapo, na hata kabla, umesikia mara ngapi "kiwanda kitafufuliwa"? Kila msimu wa kura, kila utawala, kila jukwaa.

Swali la kwanza, "mtafufua kiwanda?", kila mwanasiasa analipenda, kwa sababu jibu lake ni ndiyo. Swali la pili ni hili: kwa pesa za nani, kwa mkataba upi, na madeni ya wakulima yatalipwa tarehe ngapi? Hilo linahitaji karatasi, na makofi hayatoshi.

22/
Kabla hamjanivamia kwenye maoni: sisemi kila msemaji ni mwongo. Kuna kazi halali pale. Mtu mmoja anayejumlisha habari za wizara ishirini ni afadhali kuliko mawaziri ishirini wanaopingana kama ilivyokuwa Westgate. Kuna siri za usalama, kuna kesi kortini, kuna mazungumzo ambayo yakitoka mapema yanaharibika. Msemaji akisema "hilo siwezi kujibu leo kwa sababu hii, nitalijibu siku fulani", huyo anafanya kazi yake. Kipimo ni kama siku hiyo ikifika atarudi.

23/
Na sasa sehemu ambayo mijadala yetu huisahau. Swali la pili si mali ya wanahabari peke yao. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa wewe.

Unaandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, sheria imesema hivyo yenyewe. Usiyeweza kuandika, unasema kwa mdomo na afisa analiandika. Hulazimiki kueleza unataka habari ya nini. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, na kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Kuomba ni bure, ingawa unaweza kulipia gharama ya nakala. Wakikunyima au wakinyamaza, unalalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo ina sehemu nzima kuhusu mawasiliano na umma, kwa hivyo kaunti haina mlango wa kutorokea.

24/
Chukua mfano wa basari. Koyonzo, Kholera, Khalaba, Mayoni, Namamali, kila wadi ina wazazi wanaolalamika kwamba majina hayaeleweki. Malalamiko kwenye Facebook msemaji atayajibu kwa bango zuri: "Tumetoa mamilioni kwa watoto wetu." Lakini ombi lenye tarehe, lenye muhuri wa kupokelewa, linalouliza vigezo vya kuchagua wanaofaidika na kiasi kilichopelekwa kwa kila shule, halijibiki kwa bango. Likipita siku 21 bila jibu, una ushahidi. Na ushahidi huo mwandishi wa mashinani anaweza kuutumia bila kuogopa, kwa sababu si uvumi wake.

25/
Kwa hiyo tukirudi kwenye ule ugomvi wetu wa kila siku. Ukiona kikao cha wanahabari, usihesabu maswali yaliyoulizwa. Hesabu mara ngapi mwandishi aliruhusiwa kurudia. Ukiona video safi kutoka ofisi fulani, jiulize nani alikuwa chumbani. Mwandishi akirudia swali moja mara tatu, usimwite mkorofi eti amemkosea mkubwa heshima. Anakufanyia kazi yako. Na mkubwa unayempenda akikwepa, mwite kwa ulilomwitia yule usiyempenda. Hilo la mwisho ndilo gumu, najua, hata kwangu.

Kuuliza si ujinga. Aliye na ombi alilowahi kupeleka ofisini, aeleze hapa chini lilivyojibiwa na lilichukua siku ngapi. Tuanze kuweka hesabu zetu wenyewe.